Kutoka Aggrey hadi DIT: mwongozo kwa anayetaka uzamili wa uhandisi wa intaneti

Jumapili ya Mei 12, 2024, intaneti ilizorota karibu nchi nzima. Mikongo miwili ya baharini, EASSy na Seacom, ilikuwa imekatika kwa wakati mmoja kaskazini mwa Durban, Afrika Kusini, na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizoumia zaidi. Kwa mfanyabiashara wa Kariakoo anayechagua mzigo wa Guangzhou kwa picha za simuni, maelezo yaliishia kwenye maneno mawili: mkongo umekatika.

Mhandisi wa intaneti huanzia hapo walipoishia wengine. Mikongo ilikuwa miwili, sasa kwa nini mmoja haukubeba mzigo wa mwenzake? Sehemu ya jibu iko mbali na Durban. Februari ya mwaka huohuo mikongo mitatu, Seacom ikiwemo, ilikatika katika Bahari ya Shamu, na inaaminika iliburutwa na nanga ya meli ya Rubymar baada ya meli hiyo kushambuliwa. Njia ya kaskazini kuelekea Ulaya ikapungua, trafiki ikasukumwa kusini, na huko kusini mikongo miwili ilikuwa imepita eneo moja la bahari. Sehemu nyingine ya jibu iko hapa nyumbani: data ya Dar es Salaam inayolazimika kutoka nje ya nchi ni kiasi gani, na ni kiasi gani kingeweza kuishia mjini?

Mtu anayekosa usingizi kwa maswali ya namna hiyo ndiye anayefaa kusoma uhandisi wa intaneti katika ngazi ya uzamili. Mwongozo huu ni wake, hasa yule anayeishi au kufanya kazi kati ya Posta, Kisutu, Mnazi Mmoja na Kariakoo. Ushauri mkuu ni mmoja: tafuta swali kwanza, chuo baadaye.

Je, unahitaji uzamili?

Huenda huhitaji. Anayetaka kufunga Wi-Fi kwenye hoteli na nyumba za wageni, kuunganisha maduka ya ghorofa moja au kusimamia seva za ofisi atafika mapema zaidi kwa vyeti kama CCNA ya Cisco au MTCNA ya MikroTik. Gharama ni ndogo na mwajiri anavielewa. Upungufu wake ni kwamba vina ukomo, CCNA kwa mfano hudumu miaka mitatu, na vimejengwa juu ya vifaa vya mtengenezaji mmoja. Uzamili hufundisha kile kinachobaki baada ya kifaa kubadilishwa: kupima mtandao, kuuiga kwa hesabu, kuubuni upya na kuutetea uamuzi huo mbele ya watu wanaoshika fedha.

Wanaonufaika zaidi ni wa aina tatu. Wa kwanza ni mhandisi wa kampuni ya simu au mtoa huduma za intaneti, awe Vodacom, Airtel, Yas, Halotel au kampuni ndogo ya faiba, ambaye amechoka kutekeleza michoro ya wengine na anataka kuchora ya kwake. Wa pili ni mtumishi wa taasisi inayosimamia au kuendesha miundombinu: TCRA, TTCL yenye jukumu la Mkongo wa Taifa, Mamlaka ya Serikali Mtandao, mabenki. Wa tatu ni anayetaka kufundisha chuoni. Huyu hana njia nyingine, na ajue kwamba vyuo huangalia GPA ya shahada zote mbili, ya kwanza na ya uzamili.

Sifa ya kawaida ya kuingia ni shahada ya kwanza ya daraja la pili, yaani GPA isiyopungua 2.7 katika kipimo cha 5, kwenye mawasiliano ya simu, elektroniki, kompyuta, teknolojia ya habari au fani ya karibu. Aliye chini ya hapo aulizie stashahada ya uzamili, ambayo katika vyuo vingi ni ngazi ya kupandia. Jambo moja huwachanganya wengi: uzamili hauchukui nafasi ya usajili wa Bodi ya Usajili wa Wahandisi. Mwenye shahada ya kwanza ya sayansi ya kompyuta anayetarajia kuitwa mhandisi kisheria aiulize Bodi kabla ya kulipa ada.

Kozi yenyewe ina nini ndani

Vyuo vinavyoandika "uhandisi wa intaneti" kwenye cheti ni vichache duniani. University College London imefundisha uzamili wenye jina hilohilo, na ina historia ya kujivunia: mwaka 1973 Peter Kirstein aliiunganisha na ARPANET, mtandao wa Marekani uliozaa intaneti. Afrika Mashariki fani hiyo huja kwa majina mengine, kama mawasiliano ya simu, sayansi ya kompyuta, mifumo ya kompyuta na mawasiliano. Kwa hiyo usisome jina la shahada peke yake. Omba orodha ya masomo, kisha tafuta ndani yake nguzo nne.

Nguzo ya kwanza ni itifaki na uelekezaji wa data. Intaneti haina ramani moja wala mkuu mmoja. Ni makumi ya maelfu ya mitandao, kila mmoja una namba yake, na yote huambiana kupitia itifaki ya BGP ni anwani zipi kila mmoja anaweza kuzifikia. Kanuni zake zimo katika waraka wa RFC 4271 wa mwaka 2006, wenye kurasa 104, unaosomwa bure. Nyaraka za RFC zimekuwa zikitolewa tangu 1969 na husahihishwa kadiri mtandao unavyokua: TCP iliyoandikwa mwaka 1981 katika RFC 793 iliandikwa upya mwaka 2022 katika RFC 9293. Jipime hapa kabla ya kuomba. Soma kurasa 20 za kwanza za RFC 4271, kisha mweleze mwenzako wa kazini bila kuangalia. Ukiona raha, umefika mahali pako.

Nguzo ya pili ni hesabu, na ndiyo inayowaangusha wengi waliokaa kazini miaka mingi. Mwaka 1909 Mdenmark A. K. Erlang, akichunguza simu za Copenhagen, aliweka msingi wa nadharia ya foleni. Mwaka 1961 John Little akathibitisha kanuni fupi: idadi ya waliomo kwenye foleni ni sawa na kasi ya kuingia mara wastani wa muda wa kukaa. Kituo cha mwendokasi cha Gerezani kikipokea abiria 30 kwa dakika na kila mmoja akakaa dakika 10, muda wowote utakuta abiria 300 wamesimama. Ruta ikipokea pakiti 1,000 kwa sekunde na kila moja ikakaa milisekunde 20, kumbukumbu yake lazima iwe na nafasi ya pakiti 20 kwa wastani, na zaidi kidogo kwa saa za pilikapilika. Ikikosa nafasi, pakiti hutupwa na mteja huona duara likizunguka kwenye skrini. Rudia uwezekano na takwimu za mwaka wa kwanza wa chuo kabla masomo hayajaanza.

Nguzo ya tatu ni vyombo vya usafirishaji, yaani faiba na redio. Mwanga ndani ya faiba husafiri karibu kilomita 200,000 kwa sekunde, hivyo kila kilomita 1,000 za mkongo hugharimu milisekunde 5 kwenda na 5 kurudi. Njia ya kilomita 10,000 hadi Ulaya haiwezi kujibu chini ya milisekunde 100, hata ukinunua kifurushi ghali kuliko vyote. Hesabu hii ndogo hueleza kwa nini tovuti ya duka la Mtaa wa Congo iliyowekwa kwenye seva ya Ulaya hufunguka kwa kusuasua kwa mteja aliye Mtaa wa Sikukuu, hatua chache tu kutoka dukani.

Ya nne ni usalama, pamoja na sera. Nchini Kenya kituo cha kwanza cha kubadilishana trafiki kati ya watoa huduma, KIXP, kilianza mwaka 2000 kikafungwa muda mfupi baadaye kwa malalamiko ya Telkom Kenya, kisha kikafunguliwa tena mwaka 2002. Kifaa hakikuwa na tatizo. Kilichogombewa ni leseni. Kozi isiyogusa upande huo inamwacha mhitimu na nusu ya kazi.

Wapi pa kusoma

Chuo kimoja kilicho jirani na Kariakoo ni Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam, DIT, kwenye makutano ya Barabara ya Morogoro na Bibi Titi Mohamed. Ilianza mwaka 1957 kama shule ya ufundi, ikachukua hadhi na jina la sasa mwaka 1997, na leo hutoa pia shahada za uzamili, ikiwemo ya kompyuta na mawasiliano. Faida yake kubwa ni mahali ilipo: mfanyakazi wa Mtaa wa Samora au fundi wa Mtaa wa Aggrey anafika kwa miguu baada ya kazi. Maktaba Kuu ya Taifa iko kwenye barabara hiyohiyo ya Bibi Titi Mohamed, na kwa mtu anayeishi nyumba yenye kelele ina thamani kuliko kifurushi cha data.

Chuo Kikuu cha Dar es Salaam hufundisha fani hii katika Ndaki ya Teknolojia ya Habari na Mawasiliano, CoICT. Mgeni asikimbilie kampasi kuu ya Mlimani. Ndaki iko Kijitonyama, kando ya Barabara ya Ali Hassan Mwinyi, na kutoka Kariakoo daladala za Makumbusho zinakusogeza. Huko kuna uzamili wa uhandisi wa mawasiliano ya simu na wa sayansi ya kompyuta. Ujirani nao una maana yake: COSTECH, tume inayosimamia utafiti nchini, na Kituo cha Taifa cha Data viko Kijitonyama pia.

Asiyeweza kuacha kazi kabisa aulizie Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, Kinondoni. Kusoma kwa mbali kunahitaji nidhamu zaidi, kwa kuwa maabara utaijenga mwenyewe.

Nje ya Dar es Salaam, Chuo Kikuu cha Dodoma kimeshiriki katika Mtandao wa Jamii wa Kondoa pamoja na Internet Society, uliojaribu kutumia masafa yasiyotumika ya televisheni kufikisha intaneti vijijini. Arusha kuna Taasisi ya Afrika ya Sayansi na Teknolojia ya Nelson Mandela, yenye uzamili wa mifumo pachikwa na ya simu chini ya kituo cha CENIT@EA kinachoungwa mkono na Ujerumani. Kigali kuna Carnegie Mellon University Africa, iliyopokea wanafunzi wake wa kwanza mwaka 2012, na Chuo Kikuu cha Rwanda chenye kituo cha umahiri cha intaneti ya vitu.

Kabla ya kujaza fomu, hakikisha programu inatambuliwa: TCU kwa vyuo vikuu, NACTVET kwa taasisi za ufundi kama DIT. Anayesoma nje atapeleka cheti chake TCU kwa utambuzi atakaporudi, kwa hiyo aulize mapema. Kisha piga simu idarani, au bora zaidi nenda ana kwa ana, ukiwa na maswali haya:

– Maabara ya mitandao ina ruta halisi au ni programu za uigaji peke yake, na mwanafunzi wa uzamili anaruhusiwa kuingia saa ngapi?
– Wahadhiri wangapi wamechapisha kuhusu mitandao katika miaka mitatu iliyopita?
– Wanafunzi wa mwaka juzi wangapi wamemaliza, na tasnifu zao zilihusu nini?
– Masomo ni mchana, jioni au mwisho wa wiki?
– Kuna makubaliano yoyote na mtoa huduma au kituo cha kubadilishana trafiki ili mwanafunzi apate data?

Swali la tatu lina uzito kuliko yote. Kozi ya mwaka mmoja na nusu au miwili inaweza kugeuka ya miaka minne kwa sababu tasnifu imekwama. Idara inayokujibu kwa majina ya tasnifu, bila kutafuna maneno, ni idara inayojua wanafunzi wake wako wapi.

Jenga maabara kabla hujaingia darasani

Anayeanza kujifunza vifaa siku ya kwanza ya muhula amechelewa. Kwa bahati, maabara ya kutosha inaenea juu ya meza moja, na vifaa vyake vyote vinapatikana kati ya mitaa ya Aggrey, Likoma na Msimbazi.

Anza na kompyuta ya mezani iliyotumika yenye RAM ya gigabaiti 16. Weka Linux, kisha GNS3 au EVE-NG, programu zinazokuwezesha kuchora mtandao wa ruta kumi ndani ya mashine moja. Ongeza FRRouting, programu huria inayozungumza BGP kama ruta ya kampuni, na Wireshark ya kuchungulia pakiti zako. Toleo la bure la ruta ya MikroTik kwa kompyuta, CHR, limebanwa megabiti 1 kwa sekunde kwa kila mlango. Kwa biashara halifai, kwa kujifunza linatosha na kusalia.

Baadaye nunua kifaa halisi kimoja au viwili. Ruta ndogo za MikroTik zimeenea kwa watoa huduma wadogo na wauza Wi-Fi wa mitaani, hivyo kila unachojifunza kina soko. Ukiwa dukani, fuata utaratibu wa wenyeji wa Kariakoo: kiwashwe mbele yako, kirudishwe kwenye mipangilio ya kiwandani mbele yako, ndipo fedha itoke mfukoni. Swichi ya ofisi iliyotumika na kufungwa kwa nenosiri la mwenye nayo wa kwanza inaweza kukupotezea wiki. Vifaa vya redio viwe vimeidhinishwa na TCRA. Dai risiti ya EFD, kwa sababu bila risiti hakuna kurudisha.

Waya ndio wenye mtego mkubwa. Kebo nyingi zinazouzwa kama Cat6 kwa bei ya kutupa zina kiini cha alumini kilichopakwa shaba. Kwaruza ncha kwa wembe: ikigeuka nyeupe ya fedha, ni alumini. Waya huo hukatika ovyo ukikunjwa, na hupata joto unapopitisha umeme wa kamera au kifaa cha Wi-Fi. Nunua mita chache za shaba tupu, vichwa vya RJ45, koleo la kubania na kipima waya. Kumbuka kwamba kipande kimoja cha waya wa Etheneti kisizidi mita 100. Katika majengo marefu ya Kariakoo sheria hiyo huvunjwa kila siku, halafu lawama zote hupewa mtoa huduma.

Usisahau umeme. UPS ndogo huokoa jaribio lililoendeshwa usiku kucha.

Tasnifu: swali liko mtaani

Tasnifu nyingi hufeli kwa upana wa swali. "Kuboresha intaneti Tanzania" si swali. Haya manne, yote yakipimika bila kutoka katikati ya mji, yanaweza kuwa maswali.

Wi-Fi ya ghorofa. Katika masafa ya 2.4 GHz kuna chaneli tatu tu zisizoingiliana: ya 1, ya 6 na ya 11. Jengo moja la Kariakoo lina maduka yaliyobanana, na karibu kila moja lina ruta yake. Ramani ya chaneli ghorofa kwa ghorofa, ikifuatiwa na mpango wa kuzigawa na vipimo vya kabla na baada, ni kazi nzuri ya uzamili.

Trafiki ya nyumbani. Watoa huduma wa Tanzania wana kituo cha kubadilishana trafiki, TIX, kilichoanzishwa mwanzoni mwa miaka ya 2000 ili ujumbe wa Ilala kwenda Kinondoni usizunguke Ulaya. Chagua tovuti za taasisi na biashara za hapa, fuatilia njia ya pakiti kutoka mitandao tofauti ya simu, na onyesha zipi zinatoka nje ya nchi na kwa sababu gani. Tukio la Mei 2024 litakupa sura nzima ya utangulizi.

Anwani. AFRINIC, msajili wa anwani za Afrika mwenye makao Mauritius, aliingia hatua ya mwisho ya kugawa IPv4 Januari 2020, na tangu hapo mwombaji hapati zaidi ya anwani 1,024 kwa mara moja. Matokeo yake wateja wengi wa simu hutokea nyuma ya anwani moja ya pamoja. Jambo hilo linaathiri vipi kamera za ulinzi za madukani zinazotazamwa kwa simu, na IPv6 ingebadilisha nini?

Malipo. Menyu ya nyota na reli ya kampuni ya simu, yaani USSD, husafiri kwa njia ya ishara ya mtandao wa simu, wakati programu ya kampuni hiyohiyo hutumia intaneti. Muuzaji mwenye lipa namba anategemea njia ipi, saa ngapi, na kila njia inavunjika vipi?

Data ya kuanzia iko wazi. RIPE Atlas ni mtandao wa vifaa vidogo vya kupimia vilivyotapakaa duniani, na anayehifadhi kimoja hupata alama za kuendeshea vipimo vyake kwenye vingine. RouteViews ya Chuo Kikuu cha Oregon huhifadhi matangazo ya BGP ya miaka mingi. M-Lab hutoa matokeo ya vipimo vya kasi. PeeringDB huonyesha nani anakutana na nani, na katika kituo kipi.

Hapa sheria inaingia. Kuhesabu mitambo ya Wi-Fi inayojitangaza yenyewe hewani ni jambo moja. Kunasa mawasiliano ya watu au kuingia kwenye ruta ya jirani kwa sababu hakubadilisha nenosiri ni kosa chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, na kusema "ni utafiti" hakukuokoi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 nayo inakubana ukikusanya namba za simu, majina au chochote kinachomtambulisha mtu. Pata kibali cha chuo, barua ya mwenye jengo na ridhaa ya wenye maduka kabla ya kuwasha kifaa. Wafanyabiashara wa Kariakoo wana sababu zao za kumshuku mgeni anayezunguka na kompyuta akiandika namba za maduka. Wengi watamdhania ofisa wa kodi wa TRA. Mtangulize mwenyekiti wa serikali ya mtaa, jitambulishe, na waahidi nakala ya matokeo yanayohusu jengo lao.

Kumpata msimamizi

Msimamizi mzuri ana thamani kuliko jina la chuo. Mtafute kwa maandiko yake, soma makala zake mbili, kisha mwandikie ujumbe mfupi. Mfano:

"Shikamoo Daktari. Mimi ni mhandisi wa mitandao katika kampuni ya faiba, mwaka wa nne sasa, na natarajia kuomba uzamili mwaka huu. Nimesoma makala yako kuhusu mwingiliano wa masafa. Nimepima chaneli za Wi-Fi katika jengo moja la Kariakoo kwa ruhusa ya mwenye jengo, na nimeambatisha ukurasa mmoja wa matokeo. Naomba dakika 15 za kuja ofisini kwako, siku na saa utakayoona inafaa, nikuulize kama swali hili linafaa tasnifu."

Asipojibu, subiri wiki mbili, kisha nenda idarani kwa adabu uulize saa zake za kuonana na wanafunzi. Wahadhiri hupokea barua nyingi zinazosema "napenda sana teknolojia" na chache mno zenye kipimo.

Jifunze pia kuandika kwa Kiingereza cha kitaaluma, kwa sababu mihadhara, mitihani na tasnifu hutumia lugha hiyo. Anza kwa kufupisha makala moja kwa wiki katika aya mbili.

Usimtegemee msimamizi pekee. Waendeshaji wa mitandao wa Afrika wana jumuiya yao, AfNOG, iliyoanza mwaka 2000 na kuleta mafunzo na mkutano wake Dar es Salaam mwaka 2011. AFRINIC hutoa masomo ya bure ya IPv6 mtandaoni. IETF, inayoandika zile RFC, haina kadi ya uanachama: yeyote anaweza kusoma rasimu na kutoa hoja.

Fedha na kalenda

Wengi wanaosoma uzamili mjini hujilipia, kwa hiyo bajeti ianze na mwajiri. Mpelekee hoja ya kurasa mbili: tatizo la kampuni ambalo tasnifu itashughulikia, saa utakazokosekana kazini na kile atakachopata mwishoni. Hata asipotoa ada, anaweza kutoa data, vifaa au ruhusa ya jioni.

Kwa masomo ya nje, Chevening ya Uingereza huhitaji saa 2,800 za uzoefu wa kazi, takriban miaka miwili, na hutaka mhitimu arudi nyumbani. DAAD ya Ujerumani hufadhili pia masomo ndani ya Afrika, jambo ambalo waombaji wengi hulipita. Carnegie Mellon University Africa hushirikiana na Mastercard Foundation katika ufadhili. Masharti hubadilika kila mwaka, kwa hiyo soma tangazo la mwaka husika badala ya ujumbe unaosambazwa WhatsApp.

Mwaka wa maandalizi unaweza kupangwa hivi. Januari hadi Machi: jenga maabara, rudia hesabu, chagua swali. Aprili na Mei: kusanya vipimo vya majaribio na uonane na wasimamizi watatu. Juni na Julai: tafuta nakala zilizothibitishwa za vyeti na matokeo ya shahada ya kwanza, na waombe wadhamini wawili barua mapema. Agosti: Chevening kwa kawaida hufunguliwa, na madirisha ya maombi ya vyuo vya ndani huwa yanaendelea, kila kimoja na tarehe zake. Oktoba na Novemba vyuo vingi hufungua mwaka wa masomo.

Ada ya maombi na ya masomo katika vyuo vya umma hulipwa kwa kontroli namba inayotolewa na mfumo wa chuo, kupitia benki au simu. Anayekuahidi nafasi ya uzamili kwa fedha taslimu, hata akiwa na kitambulisho shingoni, mwombe kontroli namba, kisha ihakiki katika ofisi ya udahili kabla ya kulipa.